Nukta Yoyote: Uhakiki wa Matini ya Kutafuta Mlinganyo wa Mstari Mnyoofu Unaopita katika Nukta Mbili

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza matini fupi ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo, yaani ile ya kutafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita katika nukta mbili. Hoja inayojengwa ni kwamba matini hiyo, kama inavyotolewa kwa kawaida darasani, imeondolewa sentensi iliyobeba fikra yake kuu: sentensi inayomtaka msomaji achukue nukta yoyote iliyo juu ya mstari. Aidha, inaonyeshwa kwamba istilahi yake kuu, mteremko, humpeleka mzungumzaji wa Kiswahili upande usiokusudiwa. Kasoro zote mbili ni za lugha, wala si za ukokotozi. Mbinu iliyotumika ni usomaji makini wa matini pamoja na uchanganuzi wa kisemantiki wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kusoma tenzi, riwaya, tamthiliya, hotuba, na siku hizi hata maandishi ya kwenye kanga na ya nyuma ya daladala. Matini ya hisabati imebaki nje ya orodha hiyo kwa dhana kwamba hisabati haina lugha bali ina alama tu, na alama ni zilezile duniani kote. Ni kweli kwamba y = 2x − 1 husomeka vilevile Mombasa, Muscat na London. Hata hivyo, mlinganyo huo haujiandiki wenyewe. Kabla yake na baada yake kuna maneno: tafuta, chukua, kwa kuwa, kwa hiyo, yoyote. Maneno hayo ndiyo yanayomweleza msomaji ni kwa nini mstari mmoja wa alama umefuatwa na mwingine. Yakiondolewa, kinachobaki ni mfuatano wa matukio usio na sababu, na mhakiki yeyote wa riwaya anajua namna ya kuuita mfuatano wa aina hiyo: ni visa visivyo na msuko.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Tanzania. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ilhali sekondari hutumia Kiingereza. Mlinganyo wa mstari umeangukia ng'ambo ya mpaka huo, tena karibu sana na mpaka wenyewe, kwa kuwa mwanafunzi hukutana nao Kidato cha Kwanza, akiwa bado anajifunza lugha anayofundishiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua njia ya Kiswahili kutumika katika ngazi zote za elimu, na mjadala juu ya utekelezaji wake haujaisha. Siku vitabu vya hisabati vya sekondari vitakapoandikwa kwa Kiswahili kwa wingi, kishawishi kikubwa kitakuwa kutafsiri istilahi moja moja na kuiacha matini ilivyo. Uhakiki huu umeandikwa kabla ya siku hiyo, kwa makusudi.

2.0 Matini Yenyewe

Matini inayohakikiwa haikunukuliwa kutoka katika kitabu chochote. Imetungwa na mwandishi kwa kufuata muundo uliozoeleka ubaoni, ili asiwepo mtunzi wa kushtakiwa. Yeyote aliyepita Kidato cha Kwanza ataitambua:

Swali: Tafuta mlinganyo wa mstari mnyoofu unaopita katika nukta (2, 3) na (6, 11).
Njia: m = (11 − 3)/(6 − 2) = 8/4 = 2
y − 3 = 2(x − 2)
y = 2x − 1

Kimahesabu, matini hii haina kosa. Ukiweka 2 mahali pa x unapata 3, na ukiweka 6 unapata 11, kama ilivyotakiwa. Mtahini ataipa alama zote, na ni haki yake.

Tuisome sasa kama tunavyosoma matini nyingine. Vitenzi vya Kiswahili vilivyomo ni viwili tu. Cha kwanza ni tafuta, ambacho ni amri inayomlenga mtu asiyetajwa. Cha pili ni unaopita, ambacho kimefichwa ndani ya kishazi rejeshi na mtendaji wake ni mstari. Tangu neno Njia hadi mwisho hakuna kitenzi hata kimoja. Hakuna anayechukua, anayelinganisha, wala anayehitimisha. Mtu aliyeamriwa atafute ametoweka, na kazi yake imefanyika bila yeye.

Kutoweka huko kungeweza kusamehewa kama si jambo moja linalotokea kati ya mstari wa kwanza na wa pili wa njia. Katika mstari wa kwanza zimo namba tupu: 11, 3, 6 na 2. Katika mstari wa pili zimeingia herufi x na y. Zimetoka wapi? Swali halikuzitaja. Ni kama mhusika mkuu ameingia jukwaani katikati ya onyesho bila kutambulishwa, na wahusika wengine wakaanza kuzungumza naye kana kwamba walikua pamoja. Mwanafunzi mwepesi hulikubali jambo hilo kwa sababu kanuni imesema hivyo. Mwanafunzi makini, ambaye kwa bahati mbaya huchukuliwa kuwa mzito, husimama hapo na kuuliza. Kwa uzoefu wa mwandishi, jibu ambalo mara nyingi hupewa ni kwamba hiyo ndiyo fomula.

Aidha, kuna neno ambalo matini inalitamka lakini haliifanyii kazi yoyote, nalo ni mnyoofu. Lifute katika swali, na hakuna hata herufi moja ya njia itakayobadilika. Katika ushairi tungeliita neno la kujazia mizani. Hapa lilipaswa kuwa nguzo ya hoja nzima, kwa sababu kupitia nukta mbili kunaweza kuchorwa mikunjo isiyohesabika, lakini mstari mnyoofu mmoja tu.

3.0 Sentensi Iliyoondolewa

Kiswahili kina hazina ambayo matini hii haikuigusa. Kinatofautisha waziwazi kati ya kivumishi cha -ote na cha -o-ote. Anayesema "leta viti vyote" na anayesema "leta kiti chochote" hawaombi kitu kimoja. Wa kwanza anataka jumla, wa pili anataka kimoja, lakini amejinyima haki ya kukichagua. Chochote kitakacholetwa lazima akikubali.

Hiyo ndiyo hali ya mtu anayetafuta mlinganyo wa mstari. Anataka kusema jambo la kweli kuhusu nukta zote za mstari, lakini nukta hizo hazina mwisho, hivyo hawezi kuzikagua moja baada ya nyingine. Anachoweza kufanya ni kuchukua nukta moja bila kuichagua, nukta yoyote, kisha akasema juu yake yale tu ambayo yangekuwa kweli kama angeletewa nyingine. Akimaliza, amesema juu ya zote. Nukta hiyo isiyochaguliwa ndiyo (x, y), na huko ndiko herufi zile zilikotoka. Tofauti kati ya x na 2 katika mstari wa pili wa njia ni tofauti kati ya kiti chochote na kiti hiki. Mtoto anayetumwa vitu dukani anaielewa tofauti hiyo kabla hajaanza shule, ila hakuna aliyemwambia kwamba darasani anaulizwa habari hiyohiyo.

Tukiirudisha sentensi iliyoondolewa, matini itasomeka hivi:

Kutoka nukta (2, 3) hadi nukta (6, 11), x imeongezeka kwa 4 na y imeongezeka kwa 8, kwa hiyo uwiano wa ongezeko la y kwa ongezeko la x ni 2. Sasa chukua nukta yoyote nyingine iliyo juu ya mstari huo, uiite (x, y). Kutoka (2, 3) hadi nukta hiyo, x imeongezeka kwa x − 2 na y imeongezeka kwa y − 3. Kwa kuwa mstari umenyooka, uwiano wa maongezeko haya nao ni 2. Kwa hiyo (y − 3)/(x − 2) = 2, yaani y − 3 = 2(x − 2).

Msomaji ataona kwamba neno mnyoofu limerudi likiwa kitenzi, umenyooka, na mbele yake kuna kiunganishi kwa kuwa. Limepata kazi. Ataona pia kwamba ilibidi kusema nukta nyingine, maana nukta (2, 3) yenyewe ingefanya asili ya sehemu iwe sifuri. Baada ya kuzidisha pande zote mbili kwa x − 2, nukta iliyotengwa inaruhusiwa kurudi, kwa sababu ukiiweka katika y − 3 = 2(x − 2) kila upande unakuwa sifuri. Ni jambo dogo, lakini linaeleza kwa nini mlinganyo huandikwa kwa umbo la kuzidisha badala ya la kugawanya.

Kwa nini kunyooka kulete uwiano uleule? Jibu lipo katika pembetatu. Kila hatua juu ya mstari hujenga pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja ukiwa mlalo na mwingine wima. Mstari ukiwa umenyooka, pembetatu zote za namna hiyo, ndogo kwa kubwa, zinafanana, na pande za pembetatu zinazofanana zina uwiano mmoja. Katika mpangilio wa mada uliotumika kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania, jiometri ya majira ya nukta ilifundishwa Kidato cha Kwanza, na mfanano wa pembetatu ukafundishwa Kidato cha Pili. Kwa maneno mengine, matokeo yalitangulia sababu kwa mwaka mzima. Inawezekana waandaaji walikuwa na hoja nzuri za kiufundishaji, lakini mpangilio huo ulihitaji matini yenye maneno mengi zaidi, si machache.

Historia inaunga mkono usomaji huu. Mwanzoni mwa karne ya 17 hakukuwa na fomula ya kukariri. Wafaransa wawili, René Descartes na Pierre de Fermat, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha aljebra na jiometri katika muongo uleule. Kazi ya Descartes ilichapishwa mwaka 1637, na ya Fermat, iliyoandikwa wakati huohuo, ilichapishwa mwaka 1679, miaka 14 baada ya kifo chake. Fermat ndiye aliyeeleza bayana kwamba mlinganyo wa daraja la kwanza wenye vitu viwili visivyojulikana huonyesha mstari mnyoofu. Aliandika kwa Kilatini. Vitu visivyojulikana aliviita kwa irabu A na E, usawa aliuandika kwa neno badala ya alama, na hoja yake aliijenga juu ya uwiano. Kwake, nukta inayotafutwa ilikuwa ncha ya kipande cha mstari ambacho urefu wake hubadilika, na ncha hiyo inapohama huchora mstari. Ndiyo nukta yoyote tunayoizungumzia. Aliyegundua jambo hili alihitaji sentensi ili alione. Ni ajabu kudhani kwamba mtoto wa miaka 14 atalielewa bila sentensi.

Kukosekana kwa sentensi hiyo kuna gharama inayopimika katika swali jepesi: je, nukta (10, 19) iko juu ya mstari huo? Aliyeelewa nukta yoyote atachukua sekunde chache. Mara mbili ya 10 ni 20, ukitoa 1 unapata 19, basi ipo. Atajua vilevile kwamba (4, 8) haipo, kwa kuwa mlinganyo unataka 7. Kwake mlinganyo ni mlinzi wa mlangoni, anayekubali nukta za mstari na kuzikataa nyingine. Kwa aliyekariri kanuni, mlinganyo ni jibu, na jibu likishapigiwa mstari chini halina kazi tena. Huyo ataanza upya: atatafuta m kati ya (2, 3) na (10, 19), kisha atabaki hajui afanye nini na ile 2 aliyoipata.

4.0 Mteremko Unaopanda

Kasoro ya pili imo ndani ya neno moja. Namba inayoonyesha ukali wa kulala kwa mstari, ambayo huandikwa kwa herufi m, kwa Kiswahili huitwa mteremko. Neno hili limenyambuliwa kutokana na kitenzi teremka, na teremka ni kwenda chini. Gari hupanda mlima na kushuka mteremko, na hakuna mzungumzaji anayesema limepanda mteremko ila kwa utani. Hata maana yake ya mtaani inalinda uelekeo huo. Kupata kitu kwa mteremko ni kukipata bila jasho, kama mtu anayesukumwa na mwinamo wa njia.

Katika hisabati, kinyume chake, m ikiwa chanya mstari unapanda tunapousoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari wetu wa y = 2x − 1 una mteremko wa 2, nao unapanda. Mstari unaopita katika nukta (1, 7) na (4, 1) ndio unaoteremka, kwa kuwa m yake ni (1 − 7)/(4 − 1), yaani −2, na mlinganyo wake ni y = −2x + 9. Huo, ambao jicho na lugha vingeuita mteremko bila kusita, istilahi inauita mteremko hasi, kana kwamba umepungukiwa na sifa uliyo nayo kwa ukamilifu.

Mwandishi wa uhakiki huu alifundisha Hisabati Kidato cha Kwanza kwa miaka michache kabla ya kurejea chuoni. Katika somo mojawapo, alipoona kwamba neno la Kiingereza halikupokelewa na nyuso zilizokuwa mbele yake, alilitafsiri kwa moyo mwema: "Ni mteremko tu, jamani." Kisha akatoa zoezi la kuchora mstari unaopita katika nukta (0, 1) wenye m sawa na 2. Madaftari kadhaa yalirudi na mistari iliyochorwa kwa rula, safi, yote ikishuka kutoka kushoto kwenda kulia na kukata mhimili wa x kwenye nusu. Aliweka alama ya kosa kwenye kila daftari. Pembeni mwa moja aliandika kwa wino mwekundu: soma swali vizuri. Mwenye daftari alikuja mezani, akasema, "Mwalimu, nimesoma. Si umesema mteremko?" Alirudishwa kwenye kiti chake. Ilichukua miaka, na semina moja ya semantiki ya Kiswahili, hadi mwalimu huyo akatambua nani kati yao hakuwa amesoma vizuri.

Inaweza kudaiwa kwamba istilahi ni lebo tu, na kwamba maana ya kawaida ya neno husahaulika likishazoeleka. Dai hilo lina ukweli kwa mtaalamu. Mwanafunzi anayekutana na neno kwa mara ya kwanza hana kitu kingine cha kushika isipokuwa maana ya kawaida, na hiyo ndiyo sababu tunaunda istilahi kutokana na maneno ya Kiswahili badala ya kuazima. Hatuwezi kujivunia uwazi wa istilahi pale unaposaidia, halafu tukaukana pale unapopotosha.

Neno mwinamo limependekezwa kama mbadala, nalo ni afadhali kidogo, kwa sababu mti unaweza kuinama upande wowote. Lakini mfano huohuo wa mti unazua tatizo jipya. Mti usioinama kabisa ni ule uliosimama wima, ilhali mstari ambao m yake ni sifuri ni ule uliolala. Mwinuko nao umeshachukuliwa na wanajiografia kwa maana ya kimo kutoka usawa wa bahari, na una kasoro ya mteremko ikiwa imegeuzwa tu. Gradienti, neno la kukopa lililovishwa sauti za Kiswahili, halidanganyi mtu kwa kuwa halisemi kitu.

Maoni ya mwandishi ni kwamba hatuhitaji neno la tano. Tunahitaji sentensi ya kufasili itakayotangulia neno lolote tutakalokubaliana, na isiyotumia picha ya mlima wala ya bonde: kila x inapoongezeka kwa 1, y huongezeka kwa m. Ongezeko likiwa hasi, ni upungufu, na mwanafunzi wa darasa la saba hashtushwi na hilo. Fasili hii inafaa hata pale ambapo hakuna kitu kinachopanda wala kushuka machoni. Nyuzijoto 0 za Selsiasi ni sawa na 32 za Farenhaiti, na nyuzijoto 100 ni sawa na 212. Mstari unaopita katika nukta (0, 32) na (100, 212) una m ya 180/100, yaani 1.8, na mlinganyo wake ni F = 1.8C + 32. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ni ongezeko la 1.8 za Farenhaiti. Kuuita uhusiano huo mteremko ni kulazimisha jambo.

5.0 Majira, Saa, na Mstari Unaokatika

Si kila istilahi ya mada hii ina dosari. Majira ya nukta ni chaguo la kupendeza. Leo wengi hulisikia neno majira wakafikiria masika na kiangazi, lakini katika lugha ya pwani limetaja pia njia ya chombo baharini, uelekeo anaoushika nahodha. Namba mbili zinazomwambia mtu aende wapi kutoka penye makutano ya mihimili zinastahili jina hilo. Nukta pia ni neno zuri, japokuwa mwalimu wa Kiswahili atatabasamu kuona nukta mbili zikitumika kwa jambo lisilo alama ya uandishi.

Ukimya mwingine wa matini unahusu mipaka. Matini haisemi mstari unaanzia wapi na kuishia wapi, kwa kuwa mstari wa kijiometri hauna mwisho. Lakini watu wanapoutumia mlinganyo katika mambo yao, mipaka hujitokeza. Mfano ulio karibu kabisa na wazungumzaji wa Kiswahili ni saa zao. Tuchukue x kuwa saa kwa mfumo wa saa 24, na y kuwa saa ya Kiswahili. Saa 7 ya mfumo huo ni saa moja asubuhi, na saa 12 ni saa sita mchana. Mstari unaopita katika nukta (7, 1) na (12, 6) una m ya 5/5, yaani 1, na mlinganyo wake ni y = x − 6. Weka 15 unapata 9, saa tisa alasiri. Weka 18 unapata 12, saa kumi na mbili jioni. Weka 19 unapata 13, na hapo mlinganyo unasema jambo ambalo hakuna Mswahili aliyewahi kulisema. Kwetu ni saa moja usiku, na kuanzia hapo hadi saa sita usiku unahitajika mlinganyo mwingine, y = x − 18. Baada ya usiku wa manane, kuanzia saa 1 hadi saa 6 za mfumo ule, ni y = x + 6. Ni vipande vitatu vilivyo sambamba, vyote vyenye m ya 1. Wazungumzaji hukokotoa milinganyo hii kila wanaposoma tiketi ya ndege, bila kalamu. Mwalimu angeweza kuanzia hapo, kisha akauliza kwa nini m haibadilika wakati namba ya mwisho inabadilika.

Ukimya mzito zaidi unahusu mstari wima. Matini inaahidi mlinganyo wa mstari unaopita katika nukta mbili, bila sharti. Zichukue nukta (5, 1) na (5, 9). Kiasi cha sehemu ni 8 na asili yake ni 0, na kanuni inasimama hapo. Baadhi ya wanafunzi huandika kwamba m ni 0, wengine kwamba ni 8, wengine kwamba mstari haupo. Lakini mstari upo. Ni ule ambao fundi ujenzi huupima kwa timazi, na jicho la kawaida huuhesabu kuwa umenyooka kuliko yote. Ukifuata njia ya sentensi, tatizo linapungua sana: chukua nukta yoyote juu ya mstari huo, na utakuta x yake ni 5. Basi mlinganyo ni x = 5. Kwa alama, umbo lisilobagua mstari wowote ni lile lisilogawanya, (y − y₁)(x₂ − x₁) = (y₂ − y₁)(x − x₁). Weka nukta zetu na utapata kwamba 8(x − 5) ni sawa na sifuri, yaani x = 5.

Umbo hilo linaondoa pia hofu ya wanafunzi wanaouliza nukta ipi ni ya kwanza. Namba ndogo zilizo chini ya herufi huwafanya wadhani kwamba mpangilio umeamriwa. Ukibadilisha nafasi za (2, 3) na (6, 11), kiasi kinakuwa −8 na asili −4, na uwiano unabaki 2. Matini ingeweza kusema moja ya nukta hizo na nyingine, pasipo ya kwanza wala ya pili.

Kuna pingamizi la walimu wenye madarasa makubwa, nalo ni la haki: sentensi huchukua muda, na mtihani hautoi alama kwa kwa kuwa. Mwandishi hapendekezi kwamba kila swali lijibiwe kwa aya. Njia ya mistari mitatu ni muhtasari mzuri kwa aliyekwisha kuelewa, na hakuna ubaya mtu kuitumia mwaka mzima. Kinachopingwa ni kuifanya iwe matini ya kwanza.

Kwa watakaoandaa faharasa ya hisabati ya sekondari kwa Kiswahili, basi, kidahizo cha mteremko kinaweza kuandikwa hivi: namba inayoonyesha y huongezeka kwa kiasi gani kila x inapoongezeka kwa 1, ikiwa chanya mstari hupanda kuelekea kulia, ikiwa hasi hushuka, ikiwa sifuri mstari ni mlalo, mstari wima hauna namba hiyo. Na chini yake, kabla ya kanuni yoyote, mfano mmoja uliofanywa kwa sentensi kamili, wenye nukta yoyote ndani yake.